Maswali ya wazazi na wanafunzi kuhusu sekondari za Kikatoliki Tanzania: maisha ya bweni, masomo, sala na mengineyo

Kila mwaka darasa la saba wakishamaliza mtihani wao mwezi wa tisa simu yangu haipumziki, mana nilisoma bodingi ya masista na baadae nikafundisha kwenye shule za kanisa, kwa iyo ndugu, majirani na watu wa jumuiya wote wananiona mimi ndo ofisi ya usaili. Nimeyakusanya maswali yanayojirudia nikayajibu hapa. Shule zinatofautiana, kwa iyo fomu ya kujiunga ya shule yako ndo isome mpaka mwisho, mimi naeleza mambo yalivyo kwa kawaida.

Shule ikiitwa ya Kikatoliki maana yake nini? Zote ni za mapadri?

Hapana. Kuna za jimbo, yani mwenye shule ni askofu, na kuna za mashirika, masista au mapadri wa shirika fulani. Mfano Loyola pale Dar ni ya Wajesuiti na ni ya kutwa, watoto wanaenda na kurudi na daladala kama wengine. St. Francis Mbeya ni ya wasichana, bodingi. Marian Girls ya Bagamoyo nayo wasichana. Alafu kuna seminari ndogo, hizo nitazisema chini. Mkuu wa shule anaweza kuwa sista, padri, au mlei wa kawaida mwenye mke na watoto, na walimu wengi ni walei tu, wengine hata sio Wakatoliki. Mtaala ni ule ule wa serikali na mtihani ni ule ule wa NECTA (baraza la mitihani la taifa), wakaguzi ni wale wale, hakuna cheti cha kanisa.

Babu anasema Pugu ilikuwa ya kanisa. Mbona sasa ni ya serikali?

Babu yuko sahihi. St. Francis College Pugu ilikuwa ya misheni, na Mwalimu Nyerere alifundisha pale mpaka 1955 alipoacha kazi ili ashughulike na TANU. Kabla ya hapo alifundisha St. Mary's Tabora, nayo ya misheni. Mzee Mkapa pia alipita Pugu, kabla yake akiwa Ndanda na seminari ya Kigonsera. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 serikali ikachukua shule nyingi za madhehebu ili watoto wa dini zote wasome bila kubaguliwa, na aliyezichukua ni huyo huyo Nyerere, Mkatoliki wa kwenda misa. Kilakala ya Morogoro nayo ilikuwa Marian College ya masista wa Maryknoll, msiichanganye na Marian ya Bagamoyo ambayo ni ya juzi juzi tu. Seminari kanisa lilibaki nazo. Alafu miaka ya tisini mambo yakafunguka, 1992 serikali na makanisa wakasaini makubaliano ya huduma za elimu na afya, ndo maana ukiangalia hizi shule zenye majina makubwa sasa hivi nyingi zimeanza kuanzia hapo.

Sisi ni Waislamu / Walutheri / Wasabato. Mtoto atapokelewa?

Shule nyingi za kawaida wanapokea, na nimekaa darasa moja na kina Mwajuma na kina Neema bila shida. Seminari ndo hawapokei, kwa sababu zinalea vijana wanaofikiria upadri. Ila lazima niseme ukweli, kupokelewa na kuwa huru ni mambo mawili. Katiba ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa dini, lakini shule nyingine zinataka kila mtu awepo kanisani kwenye sala za pamoja hata kama hasali, nyingine zinawaruhusu wasio Wakatoliki wakae darasani wajisomee muda huo. Uliza kabla hujalipa: mwanangu Jumapili atakuwa wapi? Ramadhani daku atapata saa ngapi na nani atampikia? Msabato Jumamosi ikiwa ni siku ya usafi wa jumla atafanyaje? Na hijabu je? Usiogope kuuliza, mkuu wa shule mzuri anajibu moja kwa moja, na akianza kuzunguka zunguka wewe ushapata jibu lako.

Siku inaendaje? Nasikia wanaamka saa kumi usiku

Kumi na nusu, saa kumi na moja, inategemea shule. Kengele ikilia unatandika kitanda, unakimbilia bafuni na ndoo yako (maji ya Mbeya mwezi wa sita Mungu ndo anajua), alafu sala ya asubuhi au misa. Misa ya kila siku kwenye shule nyingi ni kwa anayetaka, Jumapili ndo ya wote. Baada ya hapo usafi wa maeneo, kila mtu ana kipande chake, wengine vyoo wengine kufyeka, kisha uji, asembli, vipindi mpaka mchana. Saa sita inasaliwa Malaika wa Bwana, hata kama mwalimu wa hesabu yuko katikati ya swali mnasimama, mnasali, mnakaa, anaendelea na x yake. Mchana ugali na maharage, kupumzika kidogo, michezo au kazi za mikono, rozari, chakula cha jioni, alafu prepu, yani kujisomea darasani, mpaka saa tatu au nne usiku. Baadae kimya. Taa zinazimwa na metroni, mlezi wa bweni, anapita na tochi.

Wazazi wengi wanadhani siri ya hizi shule ni sala, wengine wanasema ni viboko. Mimi naona ni hiyo prepu. Masaa mawili au matatu kila usiku, kila siku, umekaa kwenye kiti hakuna simu hakuna tivii hakuna mtu wa kukutuma dukani, na pembeni yako wenzako wote wameinama kwenye daftari, utafanya nini zaidi ya kusoma? Hata mvivu anasoma kwa aibu. Zidisha hiyo kwa miaka minne uone. Mtoto wa kutwa anayerudi nyumbani akapike, achote maji, alafu ndo afungue kitabu kwa taa ya simu, akili anaweza akawa nayo kumzidi huyu, muda ndo hana.

Kwa iyo divisheni wani wote ni kwa sababu ya prepu?

Prepu, na kuchagua watoto, hilo tusifichane. Shule ikisaili watoto mia nyingi na kuchukua wachache waliofanya vizuri, tayari imeanza mbele ya ile ya kata inayopokea kila anayepangwa. Na kuna shule zilikuwa na tabia ya mchujo, mtoto asipofikisha wastani wa shule anaambiwa ahame au arudie darasa kabla hajafika kidato cha nne asije akachafua matokeo. Serikali imelikemea hilo mara nyingi. Uliza wastani wa shule ni ngapi na asiyeufikia anafanywa nini, na uliza pia waliingia wangapi fomu wani na wangapi walifanya mtihani fomu foo, hiyo namba ya pili inaongea kuliko bango la getini.

Kwa ambao hamjui hesabu ya ponti: kidato cha nne wanachukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, A ni ponti 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Ponti 7 mpaka 17 ni divisheni wani, 18 hadi 21 tuu, 22 hadi 25 thrii, 26 hadi 33 foo, zaidi ya hapo ni ziro. Kwa iyo kuna wani ya saba na wani ya kumi na saba, sio kitu kimoja, usikubali kuambiwa tu "wote walipata wani". Na ile habari ya kumi bora kitaifa NECTA iliacha kuitangaza mwaka 2023, kwa iyo ukiona shule inajitangaza ni ya ngapi kitaifa mwaka jana uliza nani kawapa hiyo namba.

Mtoto katoka shule ya msingi ya Kiswahili, atawezana na Kingereza?

Miezi ya kwanza atateseka, nisikudanganye. Alikuwa anasoma hisabati leo anasoma "mathematics", alikuwa wa kwanza darasani kwao leo ni wa arobaini nyuma ya watoto wa inglish midiamu, na hiyo ya kushuka namba inauma kuliko hata lugha yenyewe. Hapo ndo prifomu wani inasaidia, zile wiki anazosoma kabla ya Januari, akaizoee lugha, kengele na vyakula vyote kwa mpigo. Shule nyingi zina sheria ya kuongea Kingereza na anayekamatwa anaongea Kiswahili anapewa kazi au anavishwa kibao shingoni. Hicho kibao mimi sikipendi, kimewafanya watoto wengi wawe mabubu tu, hawaongei Kiswahili kwa kuogopa wala Kingereza kwa kutokujua. Kinachosaidia ni kusoma hadithi fupi fupi, midahalo ya Ijumaa, na kukaa na rafiki anayejua. Ikifika mtihani wa taifa wa kidato cha pili wengi washakaa sawa, na huyo wa Kiswahili mara nyingi anakuwa ameshampita yule wa midiamu kwa sababu alizoea kuhangaika.

Ila mzazi usimpigie kila Jumapili kumuuliza "umekuwa wa ngapi". Muulize umeelewa nini.

TYCS ni nini? Mwanangu kila akirudi likizo anaongelea hiyo tu

Ni umoja wa wanafunzi Wakatoliki Tanzania, sehemu ya ule mtandao wa dunia wa vijana Wakatoliki wanafunzi. Mbinu yao ni Ona, Amua, Tenda, iliyotokana na kazi ya Padri Joseph Cardijn wa Ubelgiji, aliyeanza na vijana wafanyakazi na baadae akafanywa kardinali. Kwa vitendo ni hivi, mnakaa kikundi kidogo, mnaangalia jambo lililopo shuleni, mfano fomu wani wananyang'anywa maji ya kuoga na wakubwa, mnalipima kwa Injili, alafu mnaamua kufanya kitu. Ndo mara ya kwanza watoto wengi wanaendesha kikao, wanaandika muhtasari, wanashika hela za kikundi na kuzitolea hesabu. Kuna makongamano ya jimbo pia, wanakutana na shule nyingine, na ndo hapo unasikia habari zake likizo nzima (na habari za mtu mmoja wa seminari fulani, hiyo nayo ipo, usijifanye hujui). Mbali na TYCS kuna kwaya, Legio Maria, watumikiaji, skauti, klabu za masomo. Kwaya ya shule usiidharau, watoto wasio na sauti darasani unakuta ndo wanaongoza sauti ya tatu.

Nidhamu ikoje? Wanapiga?

Sheria ndogo za elimu za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa ruhusa kwa maandishi, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike labda kama hayupo, na iandikwe kwenye kitabu. Kuna shule za kanisa zimeacha kabisa viboko, kuna zinazofuata hiyo sheria, na kuna ambazo kitabu hakijulikani kilipo. Mtoto akikwambia kapigwa nje ya hapo nenda shuleni kwa utulivu, omba kuona hicho kitabu. Heshima kwa sista au padri haikuzuii kuuliza, umempa mtoto akulelee hujampa umiliki.

Adhabu nyingi lakini ni za kazi, kufyeka, kuchimba kisiki, kusugua bwalo. Makosa makubwa ni kutoroka, wizi, simu, pombe na bangi, mapenzi, na kugoma. Hayo yanaenda kwenye kamati ya nidhamu na mzazi anaitwa.

Simu kwanini wanakataa kabisa?

Nimeshasema habari ya prepu. Wanakataa, na mzazi anayemfichia mwanae simu kwenye unga wa sembe au ndani ya godoro (metroni wanajua kote huko) anamtafutia kurudishwa nyumbani. Shida ya kweli ni kwamba mtoto akiwa na jambo zito anampigia nani. Shule nzuri ina simu ya metroni au ya ofisi yenye siku na saa zinazojulikana. Kama hakuna kabisa, hapo hata mimi nakaa na wasiwasi.

Chakula?

Uji asubuhi, ugali maharage, makande, wali mara moja au mbili kwa wiki, nyama Jumapili na sikukuu. Wengi wana shamba na ng'ombe na mabustani, kwa iyo mboga za majani zipo. Sikukuu ya mtakatifu msimamizi wa shule ndo pilau, Mt. Francis tarehe 4 Oktoba, Don Bosco 31 Januari, Ignasi 31 Julai, Kizito na wenzake 3 Juni. Watoto wanaijua hiyo tarehe kuliko ya kuzaliwa.

Kazi za mikono si wanawatumikisha watoto wetu?

Inategemea. Mtoto kulima bustani anayokula mwenyewe, kufua sare zake, kuosha sahani, kusafisha darasa, sioni ubaya, na wapo watoto wa mjini wamejua kushika jembe huko huko. Ikianza kuwa kubeba tofali za jengo la mtu wakati wa vipindi hiyo ni habari nyingine, ongea.

Nikimpeleka seminari lazima awe padri?

Hapana, na wengi wanaoingia hawafiki upadri. Seminari ndogo kama Rubya, Uru, Maua, Likonde, Nyegezi ni sekondari kamili za wavulana, wanafanya mtihani wa taifa kama wengine, ila juu yake kuna malezi ya miito. Kuna Kilatini sehemu nyingine, kuna kimya kikuu usiku, kuna padri mlezi anayekuangalia sio maksi tu. Usaili wake unapitia parokiani, paroko anaandika barua, kwa iyo mtoto asiyeonekana kanisani asitegemee muujiza wa barua. Na tafadhali usimpeleke mtoto seminari kwa sababu ya bei nafuu na matokeo wakati yeye mwenyewe anataka kuwa rubani na ameshasema. Anachukua nafasi ya mwenzie, alafu anaishi miaka minne anaigiza, na kuigiza sala kunamharibu mtu.

Serikalini hakuna ada, kwanini nilipe?

Kweli, ada ilifutwa mpaka kidato cha nne kuanzia 2016, na kidato cha tano na sita ikafuata 2022. Unacholipia huku ni bweni, chakula, walimu ambao mishahara yao inatoka kwenye ada hiyo hiyo, na hiyo ratiba. Watu wanadhani kanisa lina hela za wazungu linawalipia, siku hizo zimepita kwa shule nyingi. Lipa kwa awamu, benki, tunza risiti, na ukikwama andika barua mapema kabla mtoto hajasimamishwa getini, wakuu wengi wanasikiliza anayesema mapema. Na kama kulipa kutakufanya uuze shamba lote, ipo ya serikali karibu na walimu wanaingia darasani, mpeleke huko na msimamie prepu nyumbani. Sio dhambi.

Analia anataka kurudi nyumbani, nifanyeje?

Fomu wani karibu wote wanalia mwezi wa kwanza, usikimbilie na gari. Ila sikiliza analilia nini. Akilia amekumbuka nyumbani, ugali mgumu, maji ya baridi, mtie moyo, atazoea. Akisema kuna mtu mkubwa anamwita usiku, ananyang'anywa vitu, anashikwa, au kuna mtu yeyote, mwalimu au mtumishi wa kanisa, anamfanyia asichokitaka, nenda siku hiyo hiyo, na kama ni jinai ripoti polisi, kuna dawati la jinsia na watoto. Hakuna jina la shule linalostahili kulindwa kwa mwili wa mtoto, na mkubwa yeyote wa kanisa akikwambia "tuyamalize kimya kimya" usikubali.

Akiugua?

Shule nyingi zina dispensari au zipo karibu na hospitali ya misheni. Andika kwenye fomu pumu, sikoseli, kifafa, mzio, kila kitu, msifiche kwa kuogopa atakosa nafasi. Kata bima, na neti iende.

Siku ya kutembelea nije na nini?

Chakula cha kula siku hiyo hiyo, vingi vinakataliwa kubaki bwenini. Muda ndo muhimu. Ongea na mwalimu wa darasa, mwalimu wa taaluma, pitia madaftari, na sio lazima kumwaga nyama choma uwanjani mbele ya mtoto ambaye hajaja mtu kumuona. Mwite yule mtoto akae na nyie. Wanakumbuka hilo mpaka wakubwa.

Kombi achague nani, mimi au yeye?

Kombi ni yale masomo matatu ya kidato cha tano na sita. Achague yeye, akishirikiana na matokeo yake. Mzazi anataka PCB (fizikia, kemia, baiolojia) awe daktari, mtoto ana D ya kemia na A ya historia na Kiswahili, huyo ni HKL (historia, Kiswahili, Kingereza) au HGL (historia, jiografia, Kingereza) na maisha yanaenda. Kidato cha sita wanahesabu masomo matatu tu, ponti 3 hadi 9 ndo wani, kwa iyo somo moja la kulazimishwa linabomoa yote. Na kumbuka akimaliza fomu foo anaweza kupangwa na TAMISEMI shule ya serikali hata kama alisoma ya kanisa, wengi wanaenda na wanafanya vizuri.

Tukifika shuleni tunasalimiaje? Mimi sio Mkatoliki naogopa kukosea

Wakikwambia "Tumsifu Yesu Kristu" wanajibu "Milele amina". Ukisema shikamoo sista, shikamoo padri, habari za hapa, inatosha kabisa, hakuna atakayekushangaa.

Tranka au begi?

Tranka, yenye kufuli mbili na jina kwa rangi juu na ubavuni. Funguo ya pili baki nayo wewe.